Kujibu na Kuwajibika

Mwaka jana, mwezi wa nne, mama mdogo aliniita Katuba nikamsomee karatasi. Yeye anauza yunite na mega, tena anawekea na kutolea watu pesa kwa simu, kwenye meza ndogo chini ya mwavuli, kando ya njia ya soko. Kampuni ilikuwa imewaletea mawakala wake mkataba mpya, kurasa sita za Kifaransa, na ulitakiwa urudishwe na sahihi kabla ya Ijumaa. Aliuweka mbele yangu akasema: "Weye njo unasomaka maluga ku iniversite. Soma, mi nasikia."

Nina miaka 24, niko mwaka wa mwisho wa isimu, upande wa lugha za Kiafrika. Kifaransa nimesomeshwa nacho tangu utoto, Kiswahili nimezaliwa nacho. Nilidhani ni kazi ya nusu saa, na kweli niliimaliza kwa nusu saa. Ukurasa wa nne ulikuwa na sentensi fupi: « L'agent répond seul de son code secret. » Niliitafsiri bila hata kusimama: "Wakala anajibu peke yake juu ya kode yake ya siri." Mama mdogo alitikisa kichwa kwamba amesikia, nikaendelea. Tulipofika mwisho alitia sahihi, akaninunulia Fanta, akamwambia jirani yake kwamba kusomesha mtoto si kazi bure.

Wiki tatu baadaye alipigiwa simu asubuhi, wateja wakiwa wengi. Mpigaji alianza kwa Kifaransa, kisha akaingia Kiswahili. Alitaja jina la mama mdogo lote na namba yake ya wakala, akasema yeye ni wa kampuni na anahakikisha mikataba mipya. Akaomba kode. Mama mdogo aliinuka mezani, akasogea hadi ukutani ili wateja wasisikie, akamjibu. Kufika saa sita, dola 230 zilizokuwa ndani ya simu hiyo hazikuwemo tena. Sehemu ya pesa hizo ilikuwa ya likelemba, na wiki ile zamu ya kupokea ilikuwa ya mama mwingine.

Tulienda pamoja ofisini. Kijana aliyetupokea hakuwa na dharau. Alifungua mkataba, akaweka kidole kwenye ile sentensi ya ukurasa wa nne: "Ni hapa, mama. Ulisaini." Mama mdogo hakumtazama yeye. Alinigeukia mimi: "Si ulinisomeaka kama wakala anajibu peke yake? Nilijibu peke yangu."

Sikuwa na la kusema. Alikuwa ameishika tafsiri yangu neno kwa neno, akaitii.

Ndugu zangu wa kitivo wanajua kilichotokea. Kifaransa kina kitenzi kimoja, répondre, na kihusishi kinachokifuata ndicho kinachobeba maana. Répondre à ni kumjibu mtu. Répondre de ni kubeba lawama na hasara ya jambo. Kiswahili kimetenganisha mambo hayo kwa vitenzi viwili, kujibu na kuwajibika, ambavyo kwa sikio vinafanana kama ndugu, lakini si ndugu. Cha kwanza kinatoka kwenye mzizi wa Kiarabu ulio ndani ya neno jawabu, cha pili kwenye mzizi ulio ndani ya neno wajibu. Haya nimeyajibu katika mitihani na kupewa alama nzuri. Siku ile, chini ya mwavuli, hayakuja.

Lakini hata kama ningesema "wakala anawajibika", sina hakika kwamba ningemwokoa. Nimeishi Lubumbashi maisha yangu yote, na kuwajibika nimekusikia redioni na darasani zaidi kuliko sokoni. Mama mdogo angetikisa kichwa vilevile. Sentensi aliyoihitaji ilikuwa ndefu zaidi na haikuwa na neno hata moja gumu: "Kode yako usimpe mutu, hata anayesema iko wa kampuni. Ukimupa, falanga ikipotea, kampuni haitakurudishia." Haya yote yamo ndani ya maneno saba ya Kifaransa, ila kwa mtu aliyezoea mikataba tu.

Baada ya hapo niliacha kwa muda sura ya pili ya kazi yangu ya mwisho, nikaanza kusoma sheria zenyewe. Nilitaka kujua kama ni mkataba mmoja tu ulio hivyo. Tarehe 16 Oktoba 2002 nchi yetu ilipata sheria mbili kwa siku moja: namba 013 juu ya mawasiliano ya simu, na namba 014 iliyounda mamlaka ya kuyasimamia, ARPTC. Ile ya kwanza ilikuja kubadilishwa na sheria namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020. Tarehe 13 Machi 2023 ikatoka amri yenye nguvu ya sheria namba 23/010, ambayo ni Kode ya mambo ya dijitali. Ina vifungu zaidi ya 300: biashara kwa njia ya mtandao, sahihi ya kielektroniki, habari za mtu binafsi, makosa yanayotendwa kwa kompyuta na simu. Haki za watunzi, kwa upande wao, zina andiko la zamani, la tarehe 5 Aprili 1986. Niliuliza maktaba, nikapewa yote kwa Kifaransa.

Ndipo nikarudi kwenye Katiba ya 2006. Kifungu cha kwanza tunakijua sote kwa moyo: lugha ya serikali ni Kifaransa, lugha za taifa ni Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba. Kifungu cha 142 nilikuwa sijawahi kukisoma. Kinasema sheria inaanza kufanya kazi siku 30 baada ya kutangazwa katika gazeti rasmi, isipokuwa yenyewe ikisema vingine. Na kwa vyovyote Serikali inaieneza kwa Kifaransa na katika kila moja ya lugha nne za taifa, ndani ya siku 60 tangu kutiwa sahihi. Nilikisoma mara mbili. Kutafsiri sheria kwa mama mdogo si zawadi. Nchi ilimwahidi, tena kwa kuhesabu siku.

Sheria isipofika kwa maneno, inafika kwa njia nyingine. Wengi wetu tunaikumbuka RAM, malipo ya kuandikisha simu yaliyoanza mwaka 2020. Mtaani hakuna aliyeyajua kwa kusoma. Watu waliona yunite zinapungua, wakauliza, wakaambiwa herufi tatu. Kirefu chake kilikuwa cha Kifaransa, registre des appareils mobiles, na watu walikilalamikia bila kujua ni daftari la nini. Malipo hayo yalifutwa mwaka 2022. Mama mdogo anasema hadi leo wapo wateja wanaoamini kwamba ni yeye aliyekuwa akiwakata.

Rafiki mmoja wa darasani aliniambia: mbona maneno yapo tayari, tuchukue ya Tanzania. Ni kweli kwamba majirani wametutangulia. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, mwaka uleule nchi yetu ilipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, na neno hakimiliki lina miaka mingi huko. Nikayapeleka Katuba. "Taarifa binafsi" mama mdogo aliidhani ni tangazo la kifo linalohusu familia moja. Nilipomwambia "jina yako, namba yako, fasi unalalaka, na vile unatumaka falanga", alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Ah! Njo bile yule mwizi alikuwa nabyo." Hapo alikuwa ameelewa kitabu kizima cha Kode, na swali lake lililofuata lilikuwa la mwanasheria: nani alimpa?

Neno hakimiliki nilimpelekea kambo mmoja ninayerekodi hadithi zake kwa ajili ya kazi yangu. Nilimweleza kwamba sheria inamtambua mtunzi, na kwamba hadithi ni mali yake. Alicheka. "Hadisi ni yangu? Hapana. Ni ya bakubwa. Mi nilichunga tu." Kuchunga na kumiliki havilingani. Anayechunga anaweza kumkatalia mgeni asiingie zizini, ila hawezi kuuza ng'ombe. Sijui mwanasheria angeliandikaje jambo hilo. Najua tu kwamba kambo alilisema kwa kitenzi kimoja. Nilipofika nyumbani nikaitazama karatasi ya ruhusa aliyonitilia kidole gumba miezi minne nyuma. Ilikuwa ya Kifaransa. Niliichukua kwa wanafunzi walionitangulia, nikabadilisha jina na tarehe. Yaani nilikuwa nimemfanyia kambo yaleyale niliyoyalalamikia ofisini.

Mwalimu mmoja, nilipomweleza, aliuliza swali ambalo tunagombana nalo kila mwaka: Kiswahili gani? Ukiandika sanifu, Katuba hawakufuati. Ukiandika cha Lubumbashi, Bukavu na Kisangani watasema hicho si chao, na hakimu atauliza kamusi iko wapi. Sidhani kwamba inatulazimu kuchagua. Andiko la sheria liwe sanifu, ili lisimame mahakamani na livuke mipaka. Kando yake liwepo somo la kila mji, kwa maneno ya mji huo, fupi, la kusikilizwa redioni au mezani. La kwanza ni kazi ya Serikali. La pili tunaweza kulianza sisi wenyewe, kitivo hiki, kwa mikataba ya simu kabla ya sheria zenyewe, kwa sababu mikataba ndiyo inayotiwa sahihi kila siku.

Ila tusirudie kosa langu. Nilipomsomea mama mdogo nilimuuliza mara kwa mara, "Umesikia?" Naye kila mara alisema ndiyo, na hakusema uongo. Swali hilo halipimi kitu. Ningemuuliza, "Mtu wa kampuni akikupigia leo akaomba kode, utafanya nini?" angenijibu, "Nitajibu peke yangu," nami ningeruka kwenye kiti. Tafsiri ya mkataba haijaisha mpaka msikilizaji aseme atafanya nini. Kipimo hiki sikukipata katika kitabu; kimelipiwa dola 230.

Kambo nilimwandikia karatasi nyingine ya ruhusa, kwa maneno yake. Tulipoisoma pamoja alifuta mstari mmoja: hataki hadithi mbili zitoke nje ya ukoo. Hadithi hizo zilikuwa tayari katika sura yangu ya pili. Nimezitoa.

Na mkataba wa mama mdogo nimeuandika upya, kurasa sita zimekuwa tatu. Nilipofika kwenye ile sentensi aliniomba kalamu. Mimi nilikuwa nimeandika "hata anayesema iko wa kampuni". Yeye akaongeza: "hata mutoto wako mwenye kusoma." Kisha akanirudishia karatasi, akamhudumia mteja aliyekuwa akingoja. Deni la likelemba tunalilipa wote wawili, dola kumi kila mwezi kila mmoja. Yeye alisema si lazima. Nilimjibu kwamba ninawajibika, na safari hii nilimweleza maana yake.