Herufi Moja

Aghalabu mwalimu wa lugha hudhani kwamba amekwisha kuzijua herufi zote za lugha yake, na kwamba hakuna hata moja iwezayo kumtaabisha. Ndivyo alivyodhani mwalimu mmoja wa Kiunguja, aliyekuwa akisomesha Kiswahili katika chuo kikuu kimoja cha Ujerumani, hata mwaka 2019 alipoanza kukusanya karatasi za kuongezewa muda wa kibali chake cha ukaazi.

Karatasi zenyewe alikwisha kuzizoea: mkataba wa kazi, hati za mshahara za miezi mitatu, mkataba wa nyumba, barua ya bima ya afya, na picha ya milimita 35 kwa 45 isiyo na tabasamu. Mkataba wake ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, na kibali hakikupita mkataba. Basi kila mwaka alirudi kwenye kiti kile kile, mbele ya meza ile ile.

Mwaka huo, hata hivyo, pasi yake ilikuwa mpya. Tanzania ilianza kutoa pasi za kielektroniki Januari 2018, na za zamani zilikuwa zikielekea kuondolewa. Pasi mpya ilifuata cheti cha kuzaliwa, na humo jina la baba yake ni Khamis. Pasi ya zamani, na kwa hivyo kadi yake ya ukaazi, ilisema Hamis.

Karani aliuliza kwa adabu: katika hao wawili, baba ni yupi? Mwalimu akaeleza kwamba jina ni la Kiarabu, kwamba pwani wako waliotamka kha na waliotamka ha, na kila mwandishi wa serikali aliandika alivyosikia. Karani alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba maelezo hayo yanatakiwa yatoke kwao, kwa maandishi, nayo yafasiriwe na mfasiri aliyeapishwa. Mwalimu asingeweza kuyafasiri mwenyewe.

Wiki ile darasani walikuwa wakisoma habari za Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa upande wa Bagamoyo, aliyesomesha Kiswahili Berlin mwanzoni mwa karne ya 20 na ambaye kalamu yake imo katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapishwa mwaka 1903. Mwaka 1905 alisafiri kurudi kwao pamoja na mkewe Mjerumani. Walipofika, serikali ya kikoloni ilimkatalia kushuka na mkewe, akarejea Ujerumani, na huko ndiko alikofariki mwaka 1927. Mwanafunzi mmoja akauliza, “Alikosa karatasi gani, Mwalimu?” Mwalimu akajibu kwamba hakukosa karatasi. Baada ya jibu hilo aliona haya kuinung’unikia herufi yake.

Baba yake alikuwa amekwisha kufariki, na shahidi aliyebaki alikuwa mama, ambaye miguu yake haikuwa ikimruhusu hata kufika dukani. Mpwa wake alimpakia katika gari kutoka shamba hadi mjini, akapandishwa ngazi za ofisi ya wakili kwa kushikwa mikono.

Jioni mwalimu alipiga simu.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Leo nimeapa kuwa mume wangu ni mume wangu.”

Wakacheka wote wawili. Kisha mama akanyamaza kidogo, akasema, “Miaka yote ile nilimwita, naye akaitika. Hakuniuliza naanzia herufi gani.”

Hati ilipofika, mfasiri aliyeapishwa alikuwa mwanafunzi wake wa zamani. Aliifasiri yote vizuri, ila alisita penye neno marehemu. Kijerumani kilimpa neno la mtu aliyekufa, basi. Ile rehema aliyoombewa ilibaki nje. Akamwuliza mwalimu wake afanyeje. Mwalimu akamwambia aandike neno litakalofahamika ofisini.

Kadi mpya ilitoka baada ya wiki kadhaa, na jina la baba limo, pamoja na K yake. Ofisi ilichukua nakala ya kiapo. Hati yenyewe, yenye alama ya dole gumba la mama lililokolea wino, mwalimu aliirudisha nyumbani. Hakuiweka tena pamoja na mikataba na barua za bima. Aliiweka ndani ya msahafu.