Mgeni Njoo, Shamba Lipone

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini je, mgeni akija na kamera, wataalamu, magunia ya mbolea na fundi wa rangi, anayepona ni nani? Ni yule mwenyeji peke yake, au hata sisi tunaomtazama kwenye runinga tukiwa tumekunja miguu kochini? Swali hili limezua ubishi mkali nyumbani kwetu na hata darasani, nami nimeonelea niliandike katika jarida letu la Chama cha Kiswahili ili nanyi wasomaji wapendwa mtoe hukumu yenu.

Ninazungumzia vipindi vya kutengeneza upya mashamba na bustani. Hapa Kenya kinachojulikana zaidi ni Shamba Shape Up, ambacho kilianza kuonyeshwa mwaka wa 2012 katika runinga ya Citizen, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Tonny Njuguna na Naomi Kamau walikuwa wakifika kwa mkulima mdogo pamoja na kikosi chao na kukaa hapo siku chache. Udongo unapimwa, banda la kuku linajengwa upya, ng'ombe anaangaliwa, mtaalamu anaeleza hili na lile. Mwishowe shamba linaonekana kama mtoto aliyeogeshwa na kuvishwa nguo za sikukuu.

Sasa basi, watazamaji wanasemaje? Niliwauliza wenzangu wa kidato cha tatu, kisha nikasikiliza watu wa nyumbani kwetu. Maoni yao yanaingia katika mafungu manne.

Fungu la kwanza ni la wale wanaosema, "Hiyo ni bahati tu." Jirani yetu wa ng'ambo ya barabara ndiye kiongozi wao. Yeye huja kutazama kwetu, na kila kipindi kikiisha anashusha pumzi na kusema, "Kwani huku kwetu Machakos hawana barabara ya kufika? Yule amejengewa banda bure, na mimi kuku wangu wanalala jikoni!" Kwake yeye kipindi ni kama bahati nasibu ambayo mshindi ni mmoja na waliobaki ni wapiga makofi.

Fungu la pili ni la Baba. Baba ni fundi wa kujenga, kwa hivyo haangalii mimea, anaangalia kazi. "Hizo mbao ni mpya. Hayo mabati ni mapya. Nani amelipa?" huuliza. Na kwa hakika swali lake si la ubishi mtupu. Kipindi kama hiki hulipiwa na washirika: taasisi za utafiti, mashirika ya maendeleo, na pia kampuni zinazouza mbegu, dawa na vifaa vya shambani. Baba husema kwamba anayelipa ngoma hawezi kukosa kusikia wimbo anaoupenda, kwa hiyo tusikilize kwa sikio moja na lile jingine tuliachie mfuko wetu.

Fungu la tatu ni la vijana wenzangu. Wengi waliniambia, "Hicho ni cha wazee, bwana!" Wanangoja dakika za mwisho tu, waone shamba lilivyokuwa na lilivyo. Katikati, pale mtaalamu anapoeleza kina cha shimo la mbegu, wanabadilisha stesheni waende kwenye kandanda.

Fungu la nne lina mtu mmoja, naye ni Mama. Mama hukaa na daftari langu kuukuu la hesabu na kalamu ya risasi. Anaandika nafasi kati ya mche na mche, anaandika chanjo ya kuku ni ya ugonjwa gani, anaandika kila kitu. Siku moja alituma ujumbe mfupi kwa ile nambari inayotokea kwenye kioo, akaomba kijikaratasi cha maelezo. Baba alicheka sana. Mama hakujibu kitu, akaendelea kuandika.

Kabla sijasema niko fungu gani, hebu niwapeleke Uingereza mara moja, maana mwalimu wetu wa kilimo alitupa mfano mzuri wa kulinganisha. Kule kulikuwa na kipindi cha BBC kilichoitwa Ground Force, kilichoonyeshwa kuanzia 1997 hadi 2005. Alan Titchmarsh, Charlie Dimmock na Tommy Walsh walikuwa wakiingia katika bustani ya mtu kwa siri, mwenyewe akiwa ametolewa nyumbani kwa hila na jamaa zake. Kwa siku mbili walichimba, wakapanda, wakatandika sakafu ya mbao, wakaweka na vijibwawa vya maji. Mwenyewe akirudi, anashika mdomo, wengine wanalia. Walifika hata Qunu, Afrika Kusini, wakamtengenezea Mzee Nelson Mandela bustani, na kipindi hicho kikaonyeshwa mwanzoni mwa mwaka wa 2000.

Ndugu msomaji, umeona tofauti? Katika kile cha Waingereza mwenye bustani hayupo kazi ikifanyika. Raha yote imo katika mshangao. Anakabidhiwa bustani kama zawadi iliyofungwa kwa karatasi, na kazi ya kuitunza anaanza kujifunza baadaye. Katika hiki cha kwetu mwenye shamba yupo tangu asubuhi, anaulizwa maswali, anashika jembe, anabishana na mtaalamu. Bustani ya kwao ilikuwa ya kupumzikia jioni. Shamba la kwetu ndilo chakula, ndilo karo, ndilo dawa mtoto akiugua. Ukikosea bustani ya maua umepoteza maua, lakini ukikosea shamba mnalala njaa. Ndiyo maana mimi nasema vipindi hivi tusivitazame kwa macho ya kuangalia harusi.

Susu wangu naye ana lake. Susu ndiye bibi yangu mzaa baba, na macho yake siku hizi hayaoni vizuri, lakini masikio, jamani, ni makali kuliko yangu. Jioni moja aliposikia tukisifu jinsi shamba la watu lilivyobadilika, aliuliza, "Limebadilika kwa siku ngapi?" Tukamwambia ni siku chache tu. Akacheka, akanyoosha mkono kuelekea mlimani. "Yale matuta mnayoyaona pale tuliyachimba mwaka baada ya mwaka, na hakuna aliyetupiga picha."

Susu alikuwa akisema kweli. Wilaya ya zamani ya Machakos ilikuwa mfano wa ardhi iliyoharibika katika miaka ya 1930. Udongo ulisombwa na mvua mpaka watu wakadhani nchi imekufa. Lakini kufikia 1990 idadi ya watu ilikuwa imezidi mara tano, na badala ya ardhi kuharibika zaidi, mmomonyoko ulikuwa umepungua. Watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki waliandika kitabu kizima juu ya jambo hilo mwaka wa 1994. Silaha moja ilikuwa ni yale matuta ya fanya juu: unachimba mtaro kukata mteremko, udongo unautupa upande wa juu, na mvua zikinyesha miaka kadhaa shamba linajisawazisha lenyewe kama ngazi. Kazi nyingi ilifanywa na mwethya, yaani vikundi vya majirani vinavyosaidiana, leo kwako, kesho kwangu. Wengi wao walikuwa akina mama, na Susu alikuwa mmoja wao.

Basi ubishi huu wa runinga ulikuwa wa maneno tu hadi Septemba ya mwaka jana, ulipoingia kwenye pesa. Baba alikuwa ameuza mbuzi wawili, tukawa na Sh16,000. Karo yangu iliyobaki ilikuwa Sh6,000, na ninyi mnaosoma shule ya kutwa mnajua jinsi jina linavyosomwa mbele ya darasa, kisha unatembea kurudi nyumbani saa nne asubuhi watu wakikutazama. Mama naye alikuwa ameona kwenye runinga bwawa dogo la kuvunia maji ya mvua, lililotandikwa karatasi nzito ya plastiki ili maji yasizame. Maharagwe yetu yalikuwa yamekauka msimu uliotangulia yakiwa na maua. Akasema mwaka huu lazima tuwe na bwawa.

"Na karo?" Baba akauliza.

"Shamba likizaa, karo italipwa."

"Na lisipozaa?"

Nyumba ikanyamaza. Mimi nilikuwa nimeshika kitabu lakini sikuwa nikisoma, maana mimi ndimi niliyekuwa kwenye mizani.

Kesho yake Baba alikwenda mjini kuuliza bei, akarudi na jibu: plastiki, kuchimba na ua wa kuzuia watoto wasitumbukie, vyote pamoja vilipita Sh40,000. Ua huo ndio uliomtia Mama wasiwasi zaidi kuliko bei, kwa sababu mdogo wangu ana miaka mitatu na hatulii mahali. Jirani yetu akapata la kusema: "Si niliwaambia? Vile vitu ni vya wanaotembelewa!"

Hapo ndipo nilipochukua daftari la Mama na kusoma kurasa zote tangu mwanzo. Niligundua kwamba neno lililorudiwa mara nyingi katika maandishi yake halikuwa "bwawa". Lilikuwa "maji ya mvua yasipotee". Nikakumbuka somo la hesabu: mvua ya milimita moja ikinyeshea eneo la mita moja ya mraba inatoa lita moja ya maji. Nikapima paa letu. Urefu wa nyumba ni mita 8, upana mita 6, hiyo ni mita 48 za mraba. Mvua moja nzuri ya milimita 20 ingetupa lita 960! Na sisi tulikuwa tukikinga kwa pipa moja la lita 200 kwenye kona, mengine yote yakikimbilia barabarani na udongo wetu.

Nilimwonyesha Baba hesabu hiyo. Hakusema kitu, alichukua utepe wake wa kupimia akatoka nje, akapima tena mwenyewe. Aliporudi alisema, "Ni kweli." Kwa wanaomjua Baba, hayo ni maneno mengi.

Karo ililipwa. Zilizobaki zilinunua tangi la lita 1,000 na vifaa vidogo vidogo. Magata alipata ya zamani mahali walipokuwa wakibomoa jengo, akayanyoosha na kuyafunga Jumapili mbili mfululizo. Mvua za Novemba zilipokuja, mvua ya pili tu ililijaza tangi. Mama alipanda mashina 60 ya sukuma wiki, akayawekea matandazo ya nyasi kavu kama daftari linavyosema, na baada ya mvua kukatika tukawa tunayapa lita moja kila moja, siku moja tunamwagia, ya pili tunapumzika. Piga hesabu mwenyewe: tangi linatosha kama mwezi mmoja. Lilikauka mwezi wa Februari, siwezi kuwadanganya. Lakini kwa mwezi huo tulikula mboga zetu na kuwauzia majirani, akiwemo yule wa ng'ambo ya barabara.

Kwa hivyo niko fungu gani? Nimechukua kidogo kwa kila mmoja. Jirani ana haki kulalamika kwamba kamera haifiki kwa wote, lakini mkulima anayetembelewa ni kama ubao mweusi. Somo limeandikwa kwake ili sisi tulinakili. Baba ana haki kuuliza nani amelipa, maana kinachotolewa bure kwenye runinga kina bei dukani. Susu ana haki kutukumbusha kwamba siku chache hutosha kuonyesha kazi, lakini hazitoshi kuimaliza. Na Mama ana haki zaidi ya wote, kwa sababu yeye peke yake aliandika.

Wenzangu, mkitazama vipindi hivi jiulizeni mambo matatu. Kitu hiki kingenigharimu kiasi gani mimi, bila ya wageni? Wageni wakiondoka, nani atakitunza? Na shamba langu, paa langu, maji yangu, vina kipimo gani? Swali la tatu ndilo gumu kwa sababu runinga haiwezi kukujibia. Haijui nyumba yenu ina upana gani.

Na wewe unayesema hicho ni kipindi cha wazee, usikasirike nami. Leo jioni ukifika nyumbani chukua kamba au utepe, upime paa la kwenu, urefu mara upana. Andika jibu nyuma ya daftari. Mvua ikinyesha, tazama maji hayo yanakwenda wapi.