Nauli ya Kufika Hospitali

Umaskini tunaoukuta sisi wauguzi hapa Tanga hauji na bakuli la kuomba. Unakuja na mtoto aliyechelewa kuletwa, homa ikiwa ya siku ya tatu. Tukimwuliza mama, anajibu kwa sauti ya chini, "Dada, sikuwa na nauli." Sera ya nchi yetu ni kumtibu bure mtoto wa chini ya miaka 5, lakini bodaboda hailipwi na sera, na malaria haisubiri.

Kwa hiyo tunapowatembelea wahitaji, akina mama wa kanisa hatupeleki unga tu, maana unga huisha. Tunawaalika pia katika vikundi vya kuweka na kukopa. Kila wiki mtu hununua hisa kwa uwezo wake, na pembeni kuna mfuko wa jamii kwa ugonjwa na msiba.

Kikundi huzaa mtaji pia. Wenzetu wa pwani ya Mkinga hulima mwani. Maji yakipwa huingia kufunga mbegu kwenye kamba, na baada ya wiki 6 hivi huvuna na kuanika. Mwani mkavu bei yake ni ndogo. Anayeusaga akatengeneza sabuni hupata zaidi.

Mwanamke wa Mithali 31 aliwanyoshea maskini mkono uliokwisha kufanya kazi na kupata chake.

Mama mpendwa, Jumapili hii mwulize taratibu jirani yako wa benchi: mtoto akiugua usiku, nauli ipo?