Folda ya Mtu Mwingine

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa Juni 2025, saa nane usiku, siku chache kabla hatujatawanyika kwenda TP. Chumbani tuko wanne, watatu wamelala. Mimi nimekaa sakafuni na ThinkPad T440 yangu, natazama herufi nyeupe juu ya skrini nyeusi. Zilishuka kwa kasi, mistari kwa mistari, halafu zikakwama kwenye mmoja: EXITBS:START. Nikazima, nikawasha. Pale pale. Nikazima tena, nikawasha tena. Pale pale.

Nilichokuwa natafuta ni kuweka macOS, mfumo endeshi wa kompyuta za Apple, kwenye mashine ambayo Apple hawakuitengeneza. Wenye mchezo huu wanauita Hackintosh.

Rumeti wangu alipouliza kwa nini najitesa, nilimjibu nataka iMovie na GarageBand ili nitengeneze video na sauti za kufundishia. Jibu zuri, la mwalimu mtarajiwa. Ukweli wenyewe ni mwingine. Kwenye seminari kuna wale wanaofungua kompyuta zenye tufaha mgongoni, na darasa zima linawaona kabla hawajasema neno. Tufaha nisingelipata, hilo nilijua. Lakini nikiunganisha mashine yangu kwenye projekta, angalau watu wangeona ile safu ya ikoni chini ya skrini na kujiuliza huyu jamaa kapata wapi hela.

Halafu kulikuwa na sifa. Hosteli wananiita Fundi. Nampigia mtu windo kwa buku tano, namwekea programu za ofisi, anaondoka anacheka. Nimefanya hivyo mara nyingi kiasi kwamba naweza kubofya hatua zote nimefumba macho. Nilidhani huko ndiko kujua kompyuta.

Mashine yenyewe nilinunua mtumba Kariakoo kwa laki tatu na nusu, bumu la mwaka wa kwanza. Ni ya toleo la 2013, prosesa ya Intel ya kizazi cha nne, RAM GB 8. Mchezo huu unawezekana kwa sababu ya uamuzi ambao Apple waliutangaza mwaka 2005: kuachana na prosesa walizokuwa wakitumia na kuhamia Intel. Kuanzia Januari 2006 Mac zikaanza kutoka na prosesa za ukoo ule ule uliomo kwenye mashine zetu za kawaida. Ndani zikawa ndugu, na watu wakaanza kuuliza: kama ni ndugu, kwa nini wasivae nguo moja?

Kulikuwa na kaka mmoja wa uhandisi, mwaka wa nne, ambaye ThinkPad yake T480 ilikuwa inaendesha macOS Sonoma bila shida. Nikamfuata kantini.

"Kaka, nipe hiyo folda yako ya EFI."

"Nakupa, mdogo wangu. Ila mashine yako si mashine yangu."

Nikaona ananibania. Akanipa hata hivyo, kwenye flashi yangu mwenyewe.

Hiyo EFI ndiyo roho ya kazi yote. Ni folda inayosomwa kabla mfumo haujawaka. Ndani yake kuna programu iitwayo OpenCore, kuna vipande vidogo viitwavyo kext vinavyofanya kazi kama madraiva, na kuna faili moja refu, config.plist, linaloiambia macOS: "Mashine unayoingia ni hii, ina hiki na kile." Faili la yule kaka lilisema mashine ni MacBookPro15,2, prosesa ya kizazi cha nane, grafiki za kizazi hicho. Yangu ilikuwa ya kizazi cha nne. Nikachomeka flashi na kuwasha. Ndipo nikakutana na ule mstari wa EXITBS.

Baada ya kukwama mara ya sita au ya saba nikakata tamaa, nikachomoa flashi nirudi Windows. Windows nayo ikagoma. Diski haionekani. Moyo ukadunda. Saa kumi alfajiri, macho mekundu, nikafanya kile ninachokijua: nikachomeka flashi ya kupigia windo, nikafika kwenye orodha ya partisheni, nikafuta moja, nikafuta ya pili, nikabofya endelea. Ya pili ilikuwa D. Ndani ya D kulikuwa na maandalio ya somo kumi na moja niliyoyaandaa mwenyewe kwa ajili ya TP, azimio la kazi la wiki nane, na picha za msiba wa babu.

Baadaye nilikuja kujua kwamba Windows haikuwa imeharibika hata kidogo. Nilipokuwa naandaa mambo ya macOS niliingia BIOS nikabadilisha namna mashine inavyowaka, kutoka ule mtindo wa zamani kwenda UEFI peke yake. Windows yangu ilikuwa imesakinishwa kwa mtindo wa zamani. Ningerudisha mpangilio ule mmoja, kila kitu kingerudi. Fundi mzima wa hosteli sikulijua hilo, kwa sababu nilikuwa nimekariri hatua tu. Sikuwa najua kila hatua inafanya nini.

Nikaenda TP mikono mitupu. Shule ilikuwa mkoani, mbali na lami. Sikuwa na muda wa kuandaa upya, kwa hiyo nikafanya kile ambacho nusu ya wanaosoma makala hii wamewahi kufanya, msinikatae: nikamwomba senior maandalio yake ya Kiswahili. Akanitumia kwa WhatsApp, safi kabisa, yamepangwa vizuri. Nikabadilisha jina, tarehe na jina la shule, nikachapisha stationery ya pale senta.

Wiki ya nne akaja msimamizi, mama mmoja mpole sana, dokta. Wanafunzi wakasimama, "Shikamoo mwalimu!", akaitikia, akaenda kukaa dawati la nyuma na faili langu mapajani. Mada ilikuwa uundaji wa maneno. Nikaanza.

Andalio lilisema dakika 80. Kipindi changu kilikuwa cha dakika 40. Lilisema wanafunzi wawili wawili wasome kitabu. Vitabu vilikuwa sita, wanafunzi 71. Kwenye zana lilisema projekta. Umeme wa shule ulikuwa ofisini kwa mkuu tu. Nikawa narukaruka hatua, nafuta ubao kabla hawajamaliza kunakili, jasho linatiririka. Kengele ikagongwa nikiwa bado kwenye maarifa mapya. Kuimarisha sikufika, hitimisho sikuligusa.

Tulikaa chini ya mwembe. Dokta akafungua faili taratibu.

"Kijana wangu, darasa lina watoto wangapi?"

"Sabini na moja, Dokta."

"Hapa umeandika 38. Wavulana 17, wasichana 21. Hao wako wapi?"

Nikanyamaza. Akashusha kidole hadi chini kabisa ya ukurasa, kwenye tathmini ya mwalimu, sehemu inayojazwa baada ya somo. Ilikuwa imeshajazwa. Ilisema zaidi ya nusu ya darasa wameelewa vizuri na somo litaendelea kipindi kijacho. Nilikuwa nimelitathmini somo kabla sijalifundisha, tena kwa maneno ya mtu mwingine, kuhusu watoto wa shule nyingine.

Hakunifokea. Afadhali angefoka. Alisema, "Andalio hili si baya. Ni zuri. Ila si la watoto hawa."

Alama aliyonipa siku ile ndiyo ya chini kuliko zote tangu nifike chuo. Lakini kilichoniuma zaidi ni dawati la mbele. Kulikuwa na binti mmoja aliyekuwa ananakili kwa haraka kila ninachoandika, na nilifuta ubao mbele yake mara mbili. Alikuja kipindini akiwa tayari kusoma. Mimi ndiye sikuja tayari kwa ajili yake.

Usiku ule nikaandika andalio jipya kwa mkono. Nilianza na kuhesabu: watoto 71, vitabu sita, dakika 40, chaki. Badala ya mifano ya kwenye kitabu nikawaambia kesho yake walete maneno ya njiani kwao. Wakaleta bodaboda, bajaji, daladala. Tukayafungua moja moja. Bajaji limetokana na jina la kampuni ya India. Daladala limezaliwa na dala, jina la mtaani la shilingi tano. Bodaboda lina neno la Kiingereza la mpaka, likarudiwa mara mbili, kutokana na baiskeli zilizokuwa zikivusha watu mpakani mwa Kenya na Uganda. Darasa likachangamka hadi mwalimu wa chumba cha jirani akachungulia. Msimamizi hakuwepo siku hiyo. Hakuna alama niliyopata.

Tuliporudi chuo nikaifungua tena ile T440, safari hii nikiwa na karatasi na kalamu. Kabla ya kugusa flashi niliandika kila kilichomo: prosesa i5-4300U. Grafiki Intel HD 4400. Sauti, chipu ya Realtek ALC292. Waifai, Intel 7260. Kila mstari nikauliza: macOS inakijua hiki? Kama haikijui, kuna kext gani ya kukitambulisha?

Karatasi ile ndiyo iliyonionyesha kwamba hata lengo langu lilikuwa la kuazima. Nilikuwa nataka Sonoma ya 2023 kwa sababu yule kaka anayo. Lakini grafiki za kizazi changu madraiva yake yaliishia Monterey ya 2021. Kwenye Ventura, 2022, Apple waliyaondoa. Wapo wanaoyarudisha kwa OpenCore Legacy Patcher, na inafanya kazi, ila unakuwa unashona kiraka kila sasisho likija. Nikachagua Monterey. Na hata hapo HD 4400 haimo kwenye orodha ya Apple, unaitambulisha kama ndugu yake HD 4600 ndipo picha inatoka vizuri.

Usakinishaji ulivuta zaidi ya GB 10 kutoka intaneti. Rafiki yangu mwenye stationery nje ya geti aliniachia ruta yake usiku kucha, bando nikanunua mimi. Sauti ilinisumbua siku mbili, najaribu namba moja baada ya nyingine hadi spika zikaitika. Kisoma vidole hakifanyi kazi na hakitafanya. AirDrop haipo, kwa sababu waifai ya Intel haiiwezi. Lakini kila kinachofanya kazi najua kwa nini kinafanya, na kila kilichokufa najua kwa nini kimekufa. Safari hii diski niliinakili kwanza.

Kuna jambo ambalo sitalificha kwa sababu naandikia walimu wenzangu watarajiwa. Mkataba wa leseni ya macOS unaruhusu kuisakinisha kwenye kompyuta zenye chapa ya Apple tu. Kampuni ya Psystar ya Marekani iliuza kompyuta za namna hii, Apple wakaishtaki mwaka 2008, na mwaka 2009 mahakama huko California ikawapa Apple ushindi. Mimi siuzi, lakini mkataba haukusema "usiuze" peke yake. Kwa hiyo nimeamua hivi: hii ni mashine yangu ya kujifunzia, na simfungii mtu kwa hela. Walionifuata na elfu ishirini mkononi nimewarudisha. Wengine wataona hata hivyo bado si sawa, na sina jibu kali la kuwapa.

Na njia yenyewe inafungwa. Mwaka 2020 Apple walianza kutoa Mac zenye chipu zao wenyewe, na Juni 2025 wakatangaza kwamba macOS Tahoe ndiyo ya mwisho kwa Mac za Intel. Nguo inashonwa kwa mwili mwingine sasa. Nitatumia Monterey hadi ichoke, kisha mashine hii itahamia Linux na tutaendelea na maisha. Kuhusu ile safu ya ikoni, niliwahi kuiunganisha kwenye projekta mara moja. Hakuna aliyeuliza kitu. Watu walikuwa wanaangalia simu zao.

Wiki iliyopita dogo mmoja wa mwaka wa pili alinijia na maombi mawili kwa mpigo. Anataka folda yangu ya EFI, na anataka maandalio yangu, maana TP inakaribia. Nikamuuliza mashine yake ina prosesa gani. Hajui. Nikampa karatasi tupu, nikamwambia akaandike kilichomo ndani ndipo arudi.

Maandalio nilimpa. Mimi pia nilipewa, siwezi kujifanya mtakatifu. Ila kabla ya kumtumia nilifungua kila moja, nikafuta idadi ya wanafunzi, nikafuta zana, nikafuta muda, na chini kabisa nikafuta tathmini. Alinipigia jioni hiyo hiyo.

"Kaka, mbona yana mapengo?"

Nikamwambia hayo atayajaza akishawaona watoto.