Kamera niliyoilaumu bure

Mpenzi msomaji, kama nyumbani kwenu kuna kamera ya dijitali iliyotupwa kabatini kwa sababu “haitoi picha safi”, itoe kwanza, uipanguse vumbi, kisha uketi tuzungumze. Huenda mnaionea bure, kama nilivyoionea yangu.

Ilikuwa Desemba 2019, hapa kwetu Free Area, Nakuru, siku wakwe walipoleta mahari ya dada yangu mdogo. Nilikuwa nimeinunua kamera kutoka kwa mwenzangu wa kazini, na kwa kuwa mimi ni mwandishi wa magazeti, jamaa zangu wote waliamini kwamba mambo ya picha nayajua. “Ya nini kumlipa mpigapicha na kijana wetu yupo?” mama akauliza. Nami nikaitikia kwa maringo, ingawa kusema kweli nilichojua ni kubonyeza tu.

Wageni walicheleweshwa na msongamano wa magari, wakafika jua likielekea kuzama. Hema tulilokodi lilikuwa la kijani. Ulipofika wakati wa kumvisha mzee blanketi na kofia, kofia ikawa kubwa, ikamshuka hadi puani. Baba yangu, msomaji, alikuwa mtu ambaye katika kila picha ya zamani amesimama kama askari gwaride. Siku hiyo aliangua kicheko hadi machozi yakamtoka. Nikabonyeza.

Picha ilitoka na ukungu mtupu. Uso hauna macho, kofia ina mikia, na kila kitu kimekuwa na rangi ya sukumawiki. Baba alifariki Machi 2021, na katika maisha yake yote hiyo ndiyo picha pekee anayocheka.

Nilikuwa tayari kuapa kwamba kosa ni la kamera. Nikapanga kukopa pesa ninunue lenzi kubwa na flashi ya maana. Kabla ya kukopa, nikapita kwa mzee mmoja mwenye kibanda karibu na steji, ambaye kazi yake ni picha za pasipoti. Hakuniuliza kamera ni ya aina gani. Alisema, “Kijana wangu, nifungulie hiyo picha.” Akabonyeza kitufe pembeni na tarakimu zikajitokeza chini ya picha. Sikuwa nimewahi kuziona. Kumbe kamera ya dijitali huandika ndani ya kila picha jinsi ilivyopigwa!

Ziliandikwa hivi: 1/8, f/5.6, ISO 400. Ya kwanza ni muda ambao mlango wa kamera ulikaa wazi: sehemu moja ya nane ya sekunde. Kwa mtu anayecheka, huo ni muda mrefu mno, na hata mkono wa mpigaji hutikisika. Ya pili ni ukubwa wa tundu la lenzi. Tarakimu ikiwa ndogo tundu ni pana, na mwanga unaoingia ni mwingi. Ya tatu ni wepesi wa kamera kuhisi mwanga. Hiyo nilikuwa nimeiweka mwenyewe saa saba mchana, jua likiwaka, nikaisahau. Ningeipandisha hadi 3200, mlango ungefungwa mara nane upesi zaidi, yaani 1/64. Picha ingekuwa na chengachenga kidogo, lakini baba angekuwa na macho. Na sikuhitaji kutoa hata shilingi moja. Waliosema asiyejua kucheza husingizia ngoma walikuwa wakinisema mimi.

Mzee yule alinifundisha pia kuutofautisha ukungu na ukungu. Kama picha nzima imevutika upande mmoja, ni mkono uliotikisika. Kama viti vya nyuma viko wazi na mtu ana ukungu, ama mtu mwenyewe alisogea ama kamera ililenga viti. Chagua alama ya kulengea ya katikati, uiweke machoni pake, kisha ubonyeze kitufe nusu kabla ya kukimaliza. Na kama kila picha ni hafifu, angalia mbele ya lenzi. Aghalabu utakuta alama ya kidole cha mtoto.

Je, nyuso zikitoka nyeusi tii huku nyuma kukiwa kweupe? Hilo huwapata wengi wetu. Kamera hupima mwanga kana kwamba dunia yote ina rangi ya kijivu, kwa hiyo ikiona hema jeupe au anga nyuma ya mtu hupunguza mwanga, na ngozi yetu ndiyo inayoumia. Tafuta kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa, uongeze moja. Usikubali kuambiwa kwamba wewe ni mweusi mno kwa picha.

Kuhusu ule ukijani, hema ndilo lililokuwa na hatia. Mwanga ukipita kwenye turubai la rangi huwapaka watu rangi hiyohiyo. Ukiweza kuchagua, kodi hema jeupe, au umwombe mzee asogee ukingoni.

Haya, tuje kwenye kununua, maana najua wapo wenye pesa mkononi tayari. Lenzi nyingi zinazouzwa pamoja na kamera ni za 18-55, na ukizivuta hadi mwisho tundu lake haliwi pana kupita f/5.6. Ile ya 50 yenye f/1.8 huingiza mwanga karibu mara kumi zaidi, na ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu. Lakini sikiliza: kwenye kamera ndogo za wanaoanza, ya 50 huleta watu karibu mno. Katika sebule zetu za Free Area utarudi nyuma hadi uegemee ukuta, na bado shangazi wa mwisho kwenye kochi atakatwa bega. Kwa nyumba ndogo mimi ningechukua ya 35. Lenzi ndefu za kupigia flamingo wa Ziwa Nakuru ziache kwanza.

Nenda dukani na kamera yako. Lenzi ya Nikon haiingii kwenye Canon. Hata ndani ya Nikon kuna mtego: kamera kama D3500 haina mota ya kulengea, kwa hiyo lenzi za zamani zilizoandikwa AF pekee utalazimika kuzilenga kwa mkono, tafuta AF-S au AF-P. Mtego wa Canon uko kwenye flashi. EOS 2000D na 4000D, zilizotolewa mwaka 2018, hazina ile pini ya katikati pale juu flashi inapochomekwa, na flashi nyingi rahisi hutegemea pini hiyo kuwaka. Mwambie muuzaji aiwashe mbele yako, juu ya kamera yako.

Flashi ndogo iliyo ndani ya kamera nguvu zake ni kidogo. Ikiwa namba yake ya nguvu ni 12, gawanya kwa tundu la lenzi: kwa f/4 utapata mita tatu kwenye ISO 100. Anayewasha flashi hiyo akiwa jukwaa la nyuma anawamulikia tu visogo vya waliokaa mbele yake. Ukinunua flashi ya nje, sifa ya kwanza iwe kichwa kinachogeuka. Kielekeze kwenye silingi nyeupe, mwanga urudi chini kwa upole. Silingi ya mbao itawapaka watu umanjano, na chini ya hema la kijani, loo, utakuwa umerudi kwenye sukumawiki. Na ukiona utepe mweusi umekata picha, umezidisha kasi. Rudi 1/200 au chini ya hapo.

Jambo la mwisho ni vumbi. Wapo wanaosema jina Nakuru limetokana na neno la Kimaasai la mahali pa vumbi, na anayebadilisha lenzi kando ya barabara yetu hatabisha. Madoa yaleyale yakijirudia angani katika kila picha, vumbi limeingia ndani. Tumia kipulizio cha mpira. Usipulize kwa mdomo. Mate ni mabaya kuliko vumbi.

Sikukopa. Nilinunua lenzi ya 35 iliyotumika, na flashi nikaipata mwaka uliofuata.

Ile picha ya baba niliipeleka mwaka jana kwenye programu ya simu inayodai kuondoa ukungu. Ilimtoa akiwa safi kabisa, na meno yote mdomoni, ingawa baba alikuwa na pengo la mbele tangu ujana wake. Nikamwonyesha mama. Akaitazama kwa muda mrefu, akanirudishia simu.

“Huyu ni nani?” akauliza.

Tumeisafisha ile yenye ukungu kwenye karatasi kubwa. Iko sebuleni, juu ya redio.