Bei ya Siku ya Kwanza

Mjukuu wangu,

Miguu imekataa kunifikisha hata barabara ya Namanga, kwa hiyo nakuandikia kabla sijaitwa. Uliniomba mtamba mmoja uuze, ufungue kibanda cha gemu hapa Kitengela. Nilinyamaza. Jibu ndilo hili.

Ulinionyesha bei kwenye simu, ukafurahia zile ndogo. Nimeziangalia. Novemba 2020, huko Marekani, PlayStation 5 yenye tundu la diski ilitoka kwa dola 499, isiyo na tundu 399. Xbox Series X ilikuwa 499, na mdogo wake Series S, ambayo nayo haina tundu, 299. Dola ikiwa karibu shilingi 109 wakati huo, hiyo 499 ni kama 54,000, kabla ya nauli, VAT (wakati huo asilimia 14) na faida ya mwenye duka pale mtaa wa Luthuli, Nairobi.

Sasa sikiliza. Mashine hizo za 2020 zisizo na tundu hazili diski ya mitumba. Kila gemu utainunua kwenye duka la mtandaoni la waliotengeneza mashine, kwa bei ya humo, na ukiichoka huwezi kumwuzia mwenzako. Ni ng'ombe anayekunywa kwenye kisima kimoja tu, na kisima ni cha aliyekuuzia.

Sikatai, urahisi una nguvu. Mwaka 2013 PlayStation 4 iliingia sokoni kwa 399, Xbox One kwa 499 kwa sababu ya kamera iliyofungashwa nayo, na ile ya 399 ikauzwa zaidi. Lakini aliyefaidika hapo ni muuzaji. Wewe ni mnunuzi.

Kosa la kutazama bei ya siku ya kwanza tu nalijua. Mwaka 2000 ulianza mpango wa kutulipa sisi wenye ardhi hapa shilingi 300 kwa ekari kwa mwaka tusizungushe ua, ili wanyama wa mbuga ya Nairobi wapite. Niliona ni pesa ya chumvi. Nikauza kipande cha ardhi, nikilinganisha bei yangu na ya jirani tu. Sikuuliza ng'ombe watapitia wapi kwenda majini. Leo wanazunguka kuta za mawe, nawe ndiye unayewaswaga.

Mchukue yule mtamba wa kijivu. Nunua yenye tundu, hata ikiwa imetumika. Weka akiba ya tokeni za stima. Padi ziwe nne, maana mbili watoto watazivunja kabla ya Krismasi.

Babu yako.