Kimironko na Riziki ya Fundi wa Umeme

Msafiri ashukaye katika kituo cha mabasi cha Kimironko, wilayani Gasabo, mashariki ya jiji la Kigali, hulakiwa na soko kubwa. Humo zimepangwa ndizi, viazi, maharage na mapapai. Upande wa pili vimetundikwa vitenge vya kila rangi, na mafundi cherehani hushona huku wateja wakingoja. Jioni taa huwaka na biashara huendelea. Ni wachache wakumbukao ya kuwa mwanga huo una watu walioutolea jasho.

Umeme wa Kigali hutoka mbali. Mitambo ya maji ya Ntaruka, kaskazini mwa nchi, ilianza kazi mwaka 1959. Mto Nyabarongo ulizalishiwa kituo cha megawati 28. Huko Karongi, katika Ziwa Kivu, mtambo wa KivuWatt huvuta maji yenye gesi ya methani kutoka kilindini, na tangu mwisho wa mwaka 2015 gesi hiyo huendesha injini za megawati 26 hivi.

Kazi hii ina neema zake. Mwajiriwa wa kudumu ana mshahara wa kila mwezi na akiba ya uzeeni. Ujuzi wake hauibiwi: aungaye nyaya vema Kigali ataziunga vema Goma au Mwanza. Tena ana heshima, kwani kijiji kilichozoea kibatari hakimsahau aliyekiletea taa.

Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Umeme hauonekani, wala hausamehi kosa. Mvua za masika ziangushapo nguzo usiku, wengine hujifunika blanketi, naye huvaa buti, kofia ngumu na mkanda, akatoka. Kazi za ujenzi nazo zina mwisho: bwawa likijaa maji, kibarua aliyelijenga hutafuta ajira nyingine. Hata mashirika hubadilika. Electrogaz, lililoundwa mwaka 1976, lilivunjwa. Likaja EWSA, na mwaka 2014 kazi zake zikagawanywa, umeme ukaenda REG na maji yakaenda WASAC. Kila badiliko huwaachia wafanyakazi swali moja: je, nafasi yangu ingalipo?

Gharama iliyo kubwa zaidi hulipwa nyumbani. Mume akipelekwa Karongi, mke hubaki Kimironko na watoto, akienda sokoni, akilipa karo, na usiku akisikiliza kama simu italia. Jamaa za askari hawahitaji kuelezwa hali hiyo. Wanaijua tangu siku ya kwanza ya uhamisho.

Basi kijana apendaye kazi hii asitazame mshahara peke yake. Na aulize kabla ya kutia sahihi: mkataba ni wa muda gani? Bima itamhudumia nani akiumia? Vifaa vya kujikinga vitatolewa na nani? Nyumbani nako, mume na mke na wapange fedha pamoja, waweke akiba tangu mwezi wa kwanza, ili mkataba ukiisha chungu kisishuke jikoni.

Usiku uingiapo Kimironko, taa za dukani huangaza vitenge, na cherehani huimba. Mahali fulani fundi yuko juu ya nguzo. Nyumba iliyoijua mapema bei ya mwanga huo humngojea kwa moyo ulio imara zaidi.